Kujaribu mazoezi ya Suzuki ukiwa Mwanza: kuanzia sakafu hadi sauti

Ukitaja Suzuki mjini Mwanza, watu wanafikiria gari dogo linalopanda mlima wa Bugando bila kulalamika. Suzuki wa mwongozo huu ni Tadashi Suzuki, mwongozaji wa tamthilia kutoka Japani, aliyezaliwa mwaka 1939. Mwaka 1966 yeye na wenzake walianzisha kundi jijini Tokyo, na mwaka 1976 akalihamishia Toga, kijiji cha milimani katika mkoa wa Toyama, penye theluji nyingi na nyumba za wakulima zenye mapaa makubwa ya nyasi. Nyumba ya namna hiyo ndiyo iliyogeuzwa ukumbi wa maonyesho. Kundi linaitwa SCOT, na mazoezi aliyowatungia waigizaji wake yamesambaa nchi nyingi. Marekani yalishika mizizi zaidi baada ya mwaka 1992, Suzuki na Anne Bogart walipoanzisha kundi la SITI kule Saratoga Springs, jimbo la New York.

Ni mazoezi magumu. Unakanyaga sakafu kwa nguvu, unachuchumaa, unasimama kwa vidole, unatembea polepole kupita kiasi, na katikati ya hayo yote, mapaja yakitetemeka, unatakiwa kusema maneno ya igizo kwa sauti kamili. Wengi wanaojaribu wanaishia kwenye kishindo, kwa sababu kishindo ndicho kinachosikika. Lakini kinachopimwa hapa ni kile kisichotikisika wakati miguu inafanya kazi: kiwiliwili, macho, pumzi na sentensi. Ukilishika hilo mapema, hatua nyingine zote zitakueleweka.

Mwongozo huu ni wa kundi dogo, tuseme watu watano hadi kumi na wawili, linalotaka kuonja mbinu hii kwa mwezi mmoja au miwili. Hautamfanya mtu kuwa mwalimu wake. Mwalimu wa mbinu hii hufundwa kwa miaka na watu waliokaa nayo, kwa hiyo ukisikia warsha ya mtu wa namna hiyo, nenda, hata kama ni kwa basi hadi Dar es Salaam.

Nani asubiri kwanza

Kiongozi aulize kila mtu faragha, siyo mbele ya wenzake. Mjamzito asubiri. Mwenye shinikizo la damu lisilodhibitiwa, ugonjwa wa moyo, au aliyefanyiwa upasuaji wa goti au mgongo, asubiri hadi daktari aseme. Kuna jambo moja la kwetu ambalo miongozo ya nje hailitaji: Kanda ya Ziwa ina watu wengi wenye selimundu (sikoseli), na wapo wasiojua kwamba wanayo. Kazi nzito, jasho na kiu vinaweza kuamsha maumivu makali ya mifupa. Mwenye selimundu azungumze na kliniki yake kabla ya kuvua viatu. Na mtu asiyejua hali yake, lakini amezoea kupata maumivu ya mifupa yasiyoeleweka tangu utotoni, akapime.

Sakafu

Hapa nitakaa kidogo, maana nusu ya majeraha yanatokana na mahali palipochaguliwa vibaya.

Toga wanakanyaga mbao. Jukwaa la Noh, maigizo ya kale ya Japani ambayo Suzuki amechota mengi kutoka kwayo, nalo ni la mbao, na mengi ya zamani yaliwekewa mitungi mikubwa ya udongo chini yake ili mguu ukigonga, mlio uvume. Mbao hulainisha pigo. Zege halilainishi chochote: nguvu yote uliyoishusha inapanda tena kupitia kisigino, goko, goti na kiuno. Wiki ya kwanza hutasikia kitu. Wiki ya tatu utashuka ngazi za nyumba yako umeshika ukuta.

Kwa Mwanza, hivi ndivyo ninavyoyapanga machaguo, kuanzia bora.

Jukwaa la mbao katika ukumbi wa shule, chuo au parokia. Usiridhike kwa kuliona tu kwa juu. Ingia chini yake na tochi ya simu, angalia kama mihimili imeliwa na mchwa na kama kuna misumari iliyochomoza. Kisha mtu mmoja mzito akanyage katikati huku wengine wakiwa wamekaa pembeni. Mbao zikilia kama zinataka kupasuka, tafuteni pengine.

Udongo ulioshindiliwa. Uwanja unaochezewa ngoma ni mzuri kuliko watu wanavyodhani, kwa kuwa miguu mingi imeshaulainisha na kuusawazisha. Pitisheni mikono mkiwa mmechuchumaa, mtoe vigae vya chupa na vipande vya waya. Masika ikianza, hamieni ndani.

Zege, kama hakuna jingine, lakini lifunikwe. Nunueni plaiwudi ya milimita 18, muipigilie juu ya mbao za mbili kwa mbili, na chini ya kila mbao muweke vipande vya tairi kuukuu. Fundi seremala wa Mabatini atakuelewa ukimwambia unataka jukwaa la chini linalonesa. Karatasi sita za plaiwudi zinawatosha watu wanne kwa zamu.

Mahali pawili nakataa kabisa. Pa kwanza ni mchanga wa ufukweni. Najua picha zinapendeza jua likizama nyuma ya Jiwe la Bismarck, lakini mchanga unameza mguu, kifundo kinageuka, na mwili haujifunzi kugusa ardhi kwa uhakika. Halafu mazoezi yakiisha kila mtu anaingia majini kuosha miguu, na maji ya kina kifupi yenye majani na konokono ndimo kichocho kinamoingilia kwenye ngozi. Pa pili ni majabali. Granaiti ya Mwanza ni nzuri kukalia na kusomea maneno yako; kukanyagia, hapana.

Vitu vya kuandaa

Wajapani huvaa soksi nyeupe za pamba zenye dole gumba lililotengwa, wanaziita tabi. Sisi tunatumia soksi nene za pamba za mitumba, na Mlango Mmoja zimejaa. Kwenye udongo fanyeni pekupeku. Vaeni suruali nyepesi isiyobana nyonga. Kiongozi awe na fimbo imara ya kugonga chini, ndiyo saa ya mazoezi yote. Maji kwa kila mtu, na kanga moja kuukuu iliyokunjwa. Nitaeleza kazi yake.

Muda mzuri ni saa 12 asubuhi hadi saa 1, kabla ya joto na kabla ya kelele za barabarani. Mwone mwenyekiti wa mtaa siku moja kabla. Watu wazima wanaokanyaga chini kwa pamoja na kupiga kelele alfajiri huleta maswali, na ni vizuri majibu yakatangulia. Mzee mmoja wa Pasiansi alisimama akatutazama hadi mwisho, akasema, "Mwangaluka, wanangu. Hii ngoma mbona haina ngoma?"

Kula uji saa nzima kabla ya kuanza. Ugali na sato vingoje.

Hatua ya kwanza: kusimama

Pasheni mwili kwa dakika kumi: vifundo, magoti, nyonga, mgongo, shingo. Kisha simameni visigino vikiwa pamoja, vidole vimeachana kidogo, magoti yamelegea. Shusha uzito chini ya kitovu, huku utosi ukipanda. Macho yatazame mbele, mahali maalumu: chagua mtu wa kufikirika umbali wa mita kumi na umtazame huyo. Katika mbinu hii huwa unamwigizia mtu, hata ukiwa umesimama tu. Asiye na wa kumtazama anaonekana haraka, kope zinampepea na kidevu kinashuka.

Hatua ya pili: kushuka na kupanda

Kiongozi anagonga fimbo, anahesabu hadi kumi. Kundi linashuka polepole hadi kuchuchumaa, mgongo wima, mikono pembeni. Linatulia. Linapanda kwa kumi. Kisha kwa tano. Kisha kwa moja: fimbo ikigonga, umeshafika chini, na hakuna kinachocheza baada ya kufika.

Anayeanza asishuke hadi mwisho. Mapaja yakifika karibu sawa na sakafu inatosha kwa wiki mbili za mwanzo. Magoti yaelekee upande wa vidole vya miguu. Yakianza kuangukiana kwa ndani, mtu huyo amechoka, apumzike. Rudieni mara nne au tano, basi.

Hatua ya tatu: kukanyaga

Hili ndilo zoezi linalojulikana zaidi, na ndilo linaloharibiwa zaidi.

Kunja magoti kidogo, nyonga chini. Inua goti juu, kisha teremsha mguu kwa nguvu, wayo wote uguse kwa wakati mmoja, siyo kisigino kwanza. Mara tu unapogusa, nguvu inakamatwa tumboni ili isipande mabegani. Mguu wa pili. Mnasambaa ukumbini mkikanyaga kwa mapigo sawa, nafasi baina yenu ikiwa sawa, urefu wa kichwa haubadiliki.

Waigizaji wa Suzuki wenyewe hukanyaga takriban dakika tatu kufuata muziki wenye mapigo thabiti. Muziki ukikatika, wote wanaanguka sakafuni na kulala kimya. Halafu inaingia filimbi ya mwanzi ya Kijapani, shakuhachi, nao wanainuka polepole sana na kwenda mbele kama watu wanaovutwa na kitu wanachokiona. Sehemu hiyo ya pili ndiyo mtihani. Mapafu yanataka kuhema, jasho linaingia machoni, na wewe unatakiwa uinuke bila mtu kujua ulikuwa unafanya nini dakika moja iliyopita.

Ninyi anzeni kwa dakika moja. Ongezeni nusu dakika kila wiki. Msitumie wimbo unaopendwa, maana viuno vitaanza kujibu wenyewe. Fimbo au dumu linalogongwa vinatosha. Kwa kuinuka, mtu mmoja mwenye filimbi anafaa, na ukimya unafaa vilevile.

Sasa ile kanga. Iweke begani mwa anayekanyaga, imekunjwa mara nne. Ikianguka, nguvu imepanda juu. Nimemwona kijana wa Igombe, mvuvi, mashavu ya miguu yamejengeka kwa kuvuta nyavu, akikanyaga hadi vumbi linaruka. Kanga haikukaa begani hata kwa mapigo manne. Pembeni yake dada mwembamba anayeuza dagaa Mwaloni alikanyaga kwa kishindo kidogo, kanga ikabaki hadi mwisho. Yule kijana hakupungukiwa nguvu. Kila mguu ulipogusa chini, meno yake yalikuwa yanabana na mabega yanaruka. Tulimpunguzia nguvu hadi nusu, na kanga ikatulia.

Wasukuma wenzangu watauliza mbona bugobogobo inatosha, majembe mkononi, ngoma inavuma, miguu inatikisa ardhi. Ni swali la haki. Nenda Bujora, pale Kisesa, wakati wa sikukuu ya ngoma ya Bulabo mwezi Juni, utaona makundi mawili ya ngoma, Bagika na Bagalu, yakishindana, na utaona miguu inayojua ardhi kuliko ya mwigizaji yeyote wa mjini. Mchezaji wa ngoma ana faida kubwa katika mazoezi haya. Ila kazi ni tofauti: katika ngoma mwili unaitika, pigo linapita miguuni hadi mabegani na kichwani, na huo ndio utamu wake. Hapa pigo linazuiwa njiani, halafu nguvu iliyozuiwa inatumika kusema. Kwa hiyo wachezaji wazuri wa ngoma ndio wanaohangaika wiki ya kwanza. Msichanganye viwili hivi mwezi wa kwanza. Baadaye, changanyeni mtakavyo.

Hatua ya nne: mitembeo

Hapa nitapita haraka. Mnavuka ukumbi kwa mistari, kila mvuko mtembeo tofauti: kwa vidole, kwa ukingo wa nje wa wayo, kwa ukingo wa ndani, vidole vimeelekeana, kwa kuburuza wayo bila kuuinua, kwa kukanyaga, kwa kuchuchumaa. Kiongozi anabadilisha kwa pigo la fimbo. Anayetembea kwa ukingo wa nje aende taratibu, kifundo ni rahisi kuteguka. Kila mtembeo uleteni mara mbili, na mtembeo wa kuchuchumaa uachwe kabisa kwa mwenye malalamiko ya goti.

Hatua ya tano: mwendo wa polepole

Kundi ligawanywe mara mbili, nusu upande huu wa ukumbi, nusu ule. Mnaanza pamoja, mnavuka kuelekea upande wa pili, mnapishana katikati, mnafika, mnageuka, mnarudi. Polepole kiasi kwamba mita nane zinachukua dakika mbili au zaidi. Kichwa hakipandi wala hakishuki, mwili haupepesuki wakati uzito unahama kutoka mguu hadi mguu. Tembea kama umejitwika ndoo iliyojaa hadi ukingoni na njia ni ya mawe.

Huonekana rahisi kuliko yote, na ndipo watu wanapokata tamaa. Mtego ni katikati, mnapopishana: macho yanamfuata mwenzako, mwendo unaongezeka bila wewe kujua, kwa sababu mwili umeona mwisho unakaribia. Kiongozi asimame pembeni atazame vichwa tu. Mstari wa vichwa ukianza kufanya mawimbi, asimamishe, waanze upya.

Hatua ya sita: sanamu

Simama. Fimbo ikigonga, uwe sanamu papo hapo: juu kwa vidole, katikati, au chini karibu na sakafu, umbo lolote ulilochagua. Tulia. Fimbo tena, rudi. Fimbo tena, umbo jingine. Msijipange mapema; mkono uliopangwa huonekana.

Kuna aina ya kukaa. Unakaa umejikunja, magoti kifuani. Fimbo ikigonga, miguu inainuka kutoka sakafuni, mgongo unalala nyuma kidogo, mwili mzima unabaki juu ya makalio tu. Sekunde tano zinatosha kukufahamisha tumbo lako liko wapi. Wenye matatizo ya mgongo waruke hii.

Kutia maneno

Kila mmoja awe amekariri sentensi tatu au nne, tangu nyumbani. Chukueni kutoka kwenye igizo lenu wenyewe. Sisi tulitumia maneno ya mama mwenye nyumba katika mchezo wetu: "Nani amefungua mlango huu? Nilisema asiingie mtu. Aliye ndani, ajitokeze."

Kundi linaingia kwenye sanamu, kiongozi anasema "Sema," na wote wanasema pamoja, kwa sauti kamili, mwendo mmoja, bila kuimba. Baadaye mmoja mmoja. Baada ya hapo, wanasema wakiwa wanashuka kwa hesabu ya kumi.

Sikilizeni mwisho wa maneno. Kiswahili huishia kwenye irabu, na mwigizaji aliyechoka huimeza ya mwisho. Aliyekaa safu ya nyuma anasikia "mlang'" na "mt'", maana yote imeanguka sakafuni. Dalili ya pili ni kidevu kwenda mbele: sauti imehamia kooni. Ya tatu ni kuvuta hewa kwa mlio kabla ya kila sentensi. Dawa ya zote tatu ni moja, na haiko kooni. Legeza taya, teremsha uzito tena chini ya kitovu, punguza urefu wa sanamu kidogo, sema tena. Sauti ikikwaruza, mtu huyo anyamaze siku hiyo na aendelee na miguu tu. Asibembelezwe na tangawizi akaendelea kupiga kelele.

Kosa la upande wa pili ni kuonyesha kwamba unateseka. Uso unakunjamana, sentensi inatoka na kilio ambacho mama mwenye nyumba hana. Mtazamaji hakulipa kiingilio aje kuona mapaja yako yanavyouma. Kiongozi akiona hivyo, aulize swali moja: "Unamwambia nani?" Mara nyingi swali hilo linausafisha uso kuliko maelezo marefu.

Ratiba na kusimamisha

Siku tatu kwa wiki, zisizofuatana, saa moja kila siku. Wiki ya kwanza ishieni hatua ya pili na mitembeo, isipokuwa ule wa kukanyaga. Kukanyaga kuanze wiki ya pili, sanamu ya tatu, maneno ya nne. Najua vijana wataona ni kuchelewesha. Wacha waone.

Maumivu ya misuli ya paja siku ya pili ni ya kawaida. Maumivu makali ndani ya goti, goko linalouma ukiligusa kwa kidole, ganzi mguuni, kizunguzungu au kifua kubana si ya kawaida: acha hapo hapo, na ya kifua yasingoje kesho kupelekwa hospitali. Kubalianeni neno la kusimamia. Sisi tunasema "Natoka," mtu anaenda pembeni, na hakuna anayemuuliza kitu hadi mwisho. Utasikia kwamba mbinu hii inahitaji ukali. Inahitaji nidhamu, ndiyo. Kiongozi anayetukana, au anayemgusa mtu kwa ile fimbo, aondolewe, awe amesoma wapi. Fimbo kazi yake ni kugonga sakafu.

Igizo likianza kufanyiwa mazoezi, msipeleke maumbo haya jukwaani moja kwa moja. Mhusika muuza ndizi asisimame kama sanamu ya Toga. Kinachokwenda naye ni uzito ulioshuka na sentensi inayofika mwisho. Mengine yabaki kwenye chumba cha mazoezi. Siku ya onyesho, dakika tano za kukanyaga na mvuko mmoja wa polepole vinatosha, na vifanyike saa mbili kabla ya watazamaji kuingia, ili miguu na koo vipate muda wa kupoa, kila mtu anywe maji na kubadili soksi.